Kioo cha Chumba cha Kasuku

Mama Kasuku alikuwa amesimama juu ya stuli, akizipaka nyufa za kioo cha dirisha rangi ya kucha. Rangi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya binti yake, waliyemzika juma lililopita.

Katikati ya kioo palikuwa na tundu la risasi, na kutoka hapo nyufa zilitawanyika hadi kwenye fremu. Rangi ilipokauka alibandika selotepu juu ya kila ufa, ndani na nje, vipande visije vikaanguka. Tundu aliliziba mwisho. Ndani kilitosha kipande kidogo cha selotepu. Nje ilimbidi aongeze cha pili, kisha cha tatu. Alifanya yote polepole, kwa mkono wa mshonaji aliyezoea vitambaa vinavyochanika.

Mumewe alisimama mlangoni akimtazama. Alimwambia amekwisha kuzungumza na fundi wa vioo, na kesho yake asubuhi kingewekwa kipya.

"Hiki kisiguswe," alisema mkewe bila kugeuka.

Mume hakubishana. Alikuwa mtu mpole, mlinzi wa ghala, na tangu msiba watu walimhurumia yeye kuliko hata mama wa marehemu, kwa kuwa ndiye aliyeyaona kwa macho yake. Siku ile fujo zilipozuka mjini, barabara zilifungwa. Mkewe alikwama sokoni kwenye cherehani yake. Yeye alikuwa ametoka lindoni, na kwa vile hakupata njia ya kurudisha bunduki ya kazi, alikuja nayo nyumbani akakaa na binti yao, wawili tu, ili asiache mtoto peke yake siku kama ile. Aliwasimulia waombolezaji, huku akifuta machozi, kwamba alijuta kumgombeza. Mtoto alitaka kutoka akaungane na wenzake barabarani, naye akamkatalia. Basi Kasuku, waliyemwita hivyo kwa wingi wa maneno yake, akaenda dirishani kutazama watu wanavyokimbia. Baba akamwita aondoke hapo. Alipogeuka tu, risasi ikapita kwenye kioo ikampata mgongoni.

Hospitalini siku hiyo majeruhi walilazwa hadi sakafuni, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza maswali. Iliandikwa kuwa ni risasi iliyopotea, wakarudishiwa mtoto wao wamzike.

Mvua zilipoanza, selotepu ikalegea. Mama Kasuku alikata karatasi ya nailoni, akaikunja kingo mara mbili kama anayepiga pindo, akaipigilia kwenye fremu kwa vibanzi vya mbao na misumari midogo, mbali kidogo na kioo ili upepo usikitikise. Upande wa ndani alisimamisha boksi. Majirani wakawa wakisema kwa chinichini kwamba dirisha lile limevaa vizuri kuliko mwenye nyumba. Wengine hawakucheka. Walisema uchungu wa mwana umempanda kichwani.

Mama mkwe alikuja kumsemesha. Alimweleza kwamba yaliyopita si ndwele, kwamba mwanawe naye amekonda, na kwamba hakuna mwanamume anayeweza kuishi na tundu lililomuua mtoto wake. Mkaza mwana alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia, mama," alisema, kisha akatoka kwenda kukaza msumari uliolegea.

Ndipo redio ikatangaza kwamba imeundwa tume ya kuchunguza vifo vya siku ile. Wachunguzi wangepita nyumba kwa nyumba ili ijulikane ni nani aliyewafyatulia watu risasi, na kutoka wapi.

Jioni hiyo mume alirudi na kioo kipya kilichofungwa kwa magazeti, na nyundo. Hakupaza sauti. Alisema hapati usingizi, kwamba kila akipita mlango wa chumba kile ni kama tundu linamtazama. Alimwomba amwonee huruma, waanze upya.

Mkewe aliegemea boksi lile kwa mgongo, akaitanua mikono yake.

"Ukikivunja hiki, utakuwa umemuua mara ya pili."

Mume alisimama na nyundo mkononi. Mwishowe aliiacha ianguke, akakaa sakafuni akilia kama mtoto. Mkewe hakumfuata. Tangu hapo alihamishia godoro lake chini ya dirisha, na cherehani pia akaileta nyumbani. Hakukanyaga tena sokoni.

Wachunguzi walifika asubuhi moja, mwanamke wa makamo mwenye glavu na kijana aliyembebea mkoba. Mume aliwakaribisha, akawapa viti, akasimulia yote tangu mwanzo. Hakubadili hata neno moja. Mwanamke yule alimpa pole, akaomba aoneshwe dirisha.

Mama Kasuku aling'oa misumari yake mmoja mmoja. Akaondoa boksi, akateremsha nailoni, akabandua selotepu kwenye tundu kwa ncha ya kucha. Kioo kilikuwa vilevile kama siku ile, bila kupungua hata kibanzi.

Mchunguzi alipitisha kidole kwenye tundu kwa ndani. Akatoka, akazunguka nyumba, akapitisha kidole kwa nje, palipomeguka zaidi, akakiacha hapo kwa muda. Aliporudi alimwomba mume akaongee na kijana uani, akausukuma mlango ukafungika.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "risasi hii haikuingia. Ilitoka."

"Najua, dada. Nilikuwa nangoja mtu atakayeaminiwa."