Fisi wa Bwawa la Chini

“Amekojoa humo humo,” redio ilisema. “Bwawani. Mbuzi mawe wote wamekimbilia juu na kiu yao.”

Fundi cherehani aliisogeza redio mbali na kikombe chake cha chai, kana kwamba harufu ingepenya. Ptuu! Tangu asubuhi alikuwa akitamani kuona mnyama, na wa kwanza kumpata ndiye huyo: fisi asiye na haya, tena wa kusimuliwa.

Mguu ndio uliomponza. Hakuwa ametembea hata hatua hamsini ndani ya korongo, changarawe ikateleza, kifundo kikavimba. Mchumba wake, muuza miwani, alipiga goti palepale vumbini na suruali yake iliyonyooshwa, akaukunja mguu taratibu na kuufunga kwa leso yake ya njano. Mwanamume msafi yule! Chupa haitii mdomoni mpaka aifute. Kiti hakikalii mpaka akipanguse. Dada yake fundi alikuwa amechoka kumwambia, “Arobaini hiyo inabisha hodi, na mtu mwenyewe ananukia sabuni. Unangoja nini, mdogo wangu?”

Hata yeye hakujua alichokuwa akingoja. Mchumba alitaka jibu la ndoa leo hii, akirudi kutoka chini.

“Nenda ukatazame kwa niaba yangu,” fundi alimwambia. “Kuku tutamla pamoja ukirudi.” Kuku huyo alimkaanga mwenyewe alfajiri, mzima mzima.

“Mkoba acha niubebe mimi,” mchumba alisema. “Nyani wasije wakakuvamia, mpenzi.”

Mlinzi wa lango ndiye aliyemkalisha kwenye kivuli cha mwamba wa kwanza, akamwachia redio ya mkononi ya akiba. “Mguu ukizidi, bonyeza hapa uniite. Waongozaji wangu wawili wako chini na wageni. Hawajui kama unayo, kwa hiyo usishangae porojo zao.”

Porojo kweli. Asubuhi langoni redio ilitangaza kwamba swala wanaingia; fundi akageuka mbio, na swala hata mkia hakuuona. Wasichana wa shule tu walikuwa wamejazana wakifunga kamba za viatu.

“Sasa anakula,” ilisema sauti ya kike. “Kajitandaza juu ya jiwe, mafuta mpaka masikioni. Mifupa anaitupa majini.”

Fundi alikunja uso. Fisi gani anayebakiza mifupa? Hata ufisi wenyewe haujui!

“Si umfukuze?” iliuliza sauti nzito ya mwongozaji wa pili.

“Nimempigia kelele mara mbili. Ananionyesha meno tu.”

Chai ilimshinda fundi, akaimwaga mchangani. Alichukua daftari alilonunua kwa ajili ya kuandika wanyama wa safari hii. Aliandika: fisi mmoja. Akafikiri kidogo, akaongeza: mchafu.

Baadaye sauti ya kike ilirudi, safari hii kwa hasira. “Amepanda njia ya mapangoni. Kaona jike huko, anamfuata nyuma nyuma, anamnusanusa kisogoni.”

“Na jike lake?”

“Si alimwacha juu, mgonjwa? Hana habari, maskini.”

“Huyo wa mapangoni je?”

“Anatetemeka. Imebidi nikasimame katikati yao.”

Fundi alilibamiza daftari chini. Mwenzako yuko juu anaugulia, wewe huku chini unanusa visogo! Lakini aliyemtia uchungu zaidi ni yule jike asiye na habari. Angekuwa karibu angemwambia, dada, ukipona ondoka, hata usiage.

“Mshenzi mkubwa wewe,” aliiambia redio. “Chui na akutafune.”

Kisha akashtuka. Mchumba wake yuko huko huko chini, peke yake, na lile jinyama lenye meno. Alimwombea asikutane na mnyama yule. Na katika kumwombea, moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu aulizwe lile swali. Dunia imejaa uchafu namna hii, naye amepata mtu anayefuta chupa! Dada alisema kweli. Jibu ni ndiyo, na atalitoa leo leo.

Jua lilikuwa limeanza kushuka mchumba alipotokea kwenye kona ya njia, shati ndani ya suruali, nywele zimechanwa. Akamfikia, akapangusa jiwe, akakaa.

“Pole, mpenzi wangu. Kuku kachukuliwa na nyani. Nimepigana nao, wapi!”

“Mwache aende. Bora umerudi mzima. Nimesikia kuna fisi.”

“Fisi? Mbona sikumwona?” Alipiga goti, akaushika mguu kwa vidole vyake safi, akaanza kuilegeza leso. “Haya, hebu tuone. Na jibu langu liko wapi?”

Fundi akatabasamu, akafungua mdomo. Redio, aliyoisahau mapajani, ikakoroma.

“Nawaona kwa darubini,” ilisema sauti ya kike. “Fisi ameshafika kwa jike lake. Anamfungua leso ya njano mguuni.”