Dau la Ndoa Yetu

Siku hizi kila ndoa mtaani inachezewa kamari mtandaoni, kama itadumu au itavunjika. Watu hulipa kwa sarafu za kidijitali zisizo na jina. Madau tunayaona sote, ila dau jipya likiingia, simu zinazolia ni za waliokwisha kuichezea ndoa hiyo tu.

Juzi mtu aliweka dau nono kwamba mimi na Shekue, mume wangu, tutafika Idi pamoja. Siku hiyohiyo Shekue, ambaye hajawahi kugusa sufuria, akaanza kuosha vyombo na kuniita kipenzi.

"Baba Rukia, lile dau ni lako?"

"Haki ya Mungu si langu! Kwani mtu hawezi kumpenda mkewe?"

"Anaweza. Basi kesho viache vyombo, uninunie kama zamani."

Asubuhi nikamkuta kwenye sinki, mikono imejaa povu. "Umeamkaje, kipenzi?"

Nikatoa simu yangu. Akiba yangu yote ya maandazi nikaiweka kwamba tutaachana.

Simu ikalia mfukoni mwake. Akaisoma, sahani ikamponyoka.

"Nani kaweka hili?" akafoka.

"Sarafu hazina jina, Baba Rukia," nikamjibu, nikaenda kufunga begi.