Malaika wa Theluji

"Wewe ambaye hapana jua kuteleza na mbao kwa theluji, usiogope," mwalimu kutoka Mbarara alisema. "Kule mlimani iko michezo ingine."

Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo ya wakimbizi wa kambi ya Nakivale wanaohamia Kanada. Mwalimu aliinua picha. Wazungu walikuwa wamelala chali kwenye theluji, mikono wameitandaza, macho wameyafumba.

"Bote hawa, nani alibaua?" mzee mmoja aliuliza.

Mwalimu alicheka peke yake.

"Hapana kufa, mzee! Wanatengeneza malaika: napepea mikono, alama ya mabawa inabaki kwa theluji. Haya, wote lala chini, tujaribu."

Malaika. Ndivyo pasta alivyomwita mtoto wa kwanza wa Uwera, mmoja wa akina mama waliokuwa mafunzoni, siku ya kumzika. Mama na mtoto walikuwa wameshinda wamejificha, wamelala kwenye mahindi huko Kivu, askari wakipita hatua chache tu kutoka kwao. Mtoto alitolewa mle amekufa, bila jeraha hata moja.

Uwera alilala kwenye saruji pamoja na binti yake wa miaka mitatu. Kando yao watu walipepea mikono, vumbi likapanda, wengine wakaanza kucheka. Binti naye akacheka kwa sauti.

Nje, lori likapiga mshindo.

"Wewe mama, cheza mikono!" mwalimu alisema.

Uwera hakusikia. Mkono mmoja ulikuwa umembana mtoto kifuani. Kiganja cha mkono wa pili kilikuwa kimemziba mdomo.

Safari hii, pua aliiacha wazi.