Betri ya Tatu

Fundi aliweka kiganja juu ya betri ya tatu, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto kama pasi.

Umeme wa mji ulikuwa umekatika, na mbili kati ya betri tatu za akiba za hospitali zilikuwa zimeshajizima kwa joto. Ndivyo alivyozipanga mwenyewe: hakuna inayoamrisha nyingine, kila moja inajiamulia, na ikichemka inajitoa. Mtambo wa hidrojeni, wa kuzalisha umeme wa dharura, ndio kwanza ulikuwa unaamka, polepole, kama mtu anayetafuta viatu gizani.

Simu iliita. Alikuwa mdogo wake, kutoka wodi ya watoto njiti iliyo juu ya chumba hicho.

"Dada, mashine inayompa mwanangu joto inazimazima."

"Mtambo unakuja. Vumilia kidogo."

"Si ulisema betri zako hazina bosi, moja ikichoka nyingine zinabeba?"

"Imebaki moja, mdogo wangu."

Alishika waya mwembamba wa kinga. Akiuchomoa, betri haitajitoa tena, hata ikitaka kuwaka moto.

"Mwambie nesi afungue milango yote ya nje."

"Ya nini tena?"

Akauchomoa.