Sauti ya Barafu

Mama alikuwa ukingoni, amepeleka kikombe cha kahawa mdomoni, barafu ya ziwa ilipobadili sauti.

Asubuhi nzima ilikuwa ikinguruma kama ngoma chini ya viatu vya chuma vya kutelezea vya Tuva, bintiye, na hiyo ndiyo sauti ya barafu nene. Sasa ulikuja mlio mwembamba kama wa filimbi. Watoto wa pale wote hufundishwa: sauti ikipanda, barafu imepungua unene.

Tuva naye aliusikia. Badala ya kugeuka, alisogea hatua mbili, akatega sikio.

"Mama, imepanda tena. Hivi mwisho wake uko wapi?"

"Mwisho wake majini, mwanangu. Lala kifudifudi, utambae ulikotoka."

"Wewe nawe, hata birika likilia unakimbia."

"Nakimbia, ndiyo. Lala."

Tuva akacheka, huku akipapasa shingoni kutafuta misumari miwili ya kuvaliwa kwa kamba, ile ambayo aliyezama huichoma kwenye barafu ajivute atoke. Akapapasa tena. Kicheko kikakatika.

Mama akatazama mkoba miguuni pake. Misumari ilikuwa humo, kando ya mkate wa mdalasini. Yeye mwenyewe ndiye aliyemvua Tuva asubuhi ile, isimkwaruze mtoto shingo.

Mama ni mzito. Akikanyaga pale barafu itavunjika, wazame wote wawili. Akapiga magoti ukingoni, akaisukuma misumari iteleze.

Iliteleza vizuri, kamba yake nyekundu ikiifuata nyuma, ikasimama umbali wa mkono mmoja kabla ya kumfikia Tuva.

Tuva, sasa akiwa amelala kifudifudi, akanyoosha vidole. Barafu ikapiga filimbi.