Kivinjari Kipya cha Kindi

Palikuwa na Kindi asiyetupa kitu. Alichoka na kivinjari kilichokuja na simu yake, maana kila ukurasa ulifunguka kwa kujikokota. Akapakua kingine, akamcheka Kobe aliyebaki na kile kile cha kupewa.

"Mimi sichaguliwi kivinjari," alimwambia.

Kivinjari kipya kikamuuliza, "Nikuhamishie kurasa zako zote mia nne ulizoacha wazi?"

"Zote," akajibu Kindi.

Kesho yake nacho kikaanza kujikokota. Kindi akaenda kumlalamikia Kobe. Kobe akamwonyesha simu yake: ukurasa mmoja tu, na ulifunguka papo hapo.

Kindi akajikuna kichwa. "Kumbe wa kubadilishwa ni Kindi," alisema, "na mwingine sijui anapakuliwa wapi."