Babu Nguchiro Aondolewa Lindoni

Hapo wanyama walipokuwa wakipangiana zamu, ukoo wa nguchiro ulimwondoa Babu Nguchiro lindoni, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia. Akajiuliza: nguchiro asiyelinda ni nguchiro gani?

Mjukuu aliyerithi zamu alidhani kila kivuli ni mwewe. Kila alipopiga ukelele, ukoo ulitumbukia mashimoni na kushinda njaa.

Siku moja, mjukuu alipopiga ukelele tena, Babu akatoka shimoni, akajinyoosha juani.

"Babu, rudi! Utaliwa, nawe huoni!"

"Sioni, lakini nawasikia kanga wakichakura kwa raha zao. Mwewe angekuwapo, wangenyamaza?"

Wote wakatoka, wakala, wakashiba. Tangu hapo mjukuu hupiga ukelele, na Babu huamua. Akiulizwa kazi yake, hujibu kwa madaha: "Mimi ndiye ninayewaruhusu watu kula."